Pete Nne za Plastiki

Orest wa nyumba ya pili aligonga kulungu
karibu na Langham, mwezi wa tisa, alfajiri.
Kulungu aliinuka akaenda zake.
Gari ndilo halikuinuka.
Watu wa bima wakalizunguka, wakaandika neno moja,
wakalivuta.

Yakabaki magurudumu yake ya theluji,
manne, ndani ya mifuko myeusi gerejini,
hayajui kwamba yamefiwa.

"Dola mia mbili," Orest alisema,
"na spana ya kupimia nakuazima."
Mimi ninayekunja mashuka ya hospitali usiku kucha
nasikia dola mia mbili
kama mwenye kiu asikiavyo maji yakimiminwa.

Gari lake na langu ndugu wa kiwanda kimoja:
lake toleo dogo, langu la watu saba,
betri imelala chini ya sakafu kama godoro la chuma.
Matundu ya nati matano kule, matano huku,
nafasi kati ya tundu na tundu ileile.
Basi, nikasema, damu ni moja.

Mishi akasema, ngoja.
Binti yangu ana miaka kumi na minne
na haamini kitu asichokipima.
Akasoma ubavu wa tairi kama litabeba uzito. Litabeba.
Akapiga magoti kwenye saruji ya Saskatoon,
akapima kitovu cha gari, akapima tundu la rimu,
akanyoosha vidole viwili:
"Milimita mbili, mama. Tundu ni pana."

Milimita mbili!
Sarafu ina unene huo,
na sarafu haijamwangusha mtu.
Nikapachika. Yakaingia.
Nikakaza ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne,
kama unavyochora nyota bila kuinua kalamu,
na spana ikatoa mlio wake, tak,
nikajiona fundi.

Barabara ya kumi na sita, kilomita themanini kwa saa,
usukani ukaanza kutetemeka.
Si sana. Kama mkono wa mtu anayeficha jambo.
Tisini, na kijiko ndani ya kikombe kikaanza kusema.
Skrini nayo ikaandika: magurudumu hayatambuliki.
Mishi akageuzia uso dirishani,
kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa,
na adabu yake ikanichoma kuliko neno.

Pete nne za plastiki, dola kumi na nane,
zilifika kwa posta Jumanne
ndani ya bahasha ambayo ungedhani haina kitu.
Nimekua nikisikia chanda na pete,
nikidhani ni habari za harusi.
Kumbe nati hazijui katikati ni wapi.
Zinashika tu, popote zilipolikuta gurudumu.
Anayejua katikati ni kitovu,
na kitovu kinataka cha kukigusa
pande zote.

Orest akaja na kofia yake ya sufu, akashika taa.
Kuhusu gari lake hakusema lolote,
ila tulipokwisha kushusha jeki
akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa rimu ya nyuma.
"Huu ni ukingo wa njia pale hospitalini,"
akasema. "Siku aliyozaliwa Daryna.
Sikuwa naona mbele."

Theluji ikaanguka usiku uleule.
Digrii kumi na nane chini ya sifuri,
betri imekula theluthi ya ahadi yake,
lakini usukani umetulia, kijiko kimenyamaza.
Skrini bado inasema hayatambuliki.
Mishi amebandika juu ya neno hilo
karatasi ndogo iliyotoka kwenye ndizi.

Ukifika kilomita mia, kaza tena, Orest aliniambia.
Niko tisini na nne, maegesho ya wafanyakazi,
injini haipo ya kuzimwa, kimya tu.
Spana iko kiti cha pembeni.
Nimeifunga mkanda,
maana gari lilidhani ni mtu
likakataa kunyamaza.